Vijiti Viwili

Saa nane na robo usiku, Bondeni, ghorofa ya pili,
mashine ikazima tena.
Haikuaga.
Buluu moja tu kioo kizima,
buluu ya ndani ya kabati la nyanya,
na mstari wa herufi ndogo unaoniomba radhi
kama karani wa benki.

Nilikuwa nachora leso.
Pindo la korosho, mji wa asumini,
jina bado, maana Bi Rukiya hajaamua
baina ya methali mbili,
zote za kumpasha wifi yake.
Doti mia tatu. Ijumaa.

Nakiri, mimi ndiye niliyeichokoza.
Prosesa ilikwenda gigahezi tatu na nusu, kwa adabu,
nami nikaingia bayosi nikaipandisha,
nne, nne nukta mbili, nne nukta nne,
kwa tamaa ya mtu aongezaye pilipili
kwenye viazi vya karai kabla hajaonja.
Siku mbili ikaruka. Nikajiona fundi.
Ya tatu ikaanza kuzirai.

Nikasema ni joto. Mombasa, Februari,
nani hamshuku joto?
Nikafungua ubavu, nikapangusa vumbi na chumvi,
nikatia pasta mpya, punje ya mtama tu,
nikaielekezea feni ya mezani,
mwenyewe nikalala na jasho langu.
Nyuzi sitini. Ikazima.

Nikasema ni stima.
Nikaazima pawasaplai ya shemeji. Ikazima.
Nikasema ni virusi, ni kadi ya picha, ni jicho.
Hapo mama akaingia na chetezo, hakuitwa,
akaifukiza udi pembe zote nne.
"Ndoo ulale. Hini mashine ina mambo."
Ilikaa saa nzima, wallahi, tukaangaliana.
Kisha ikazima.

Ndurya wa Mwembe Tayari alipiga simu
mdomo umejaa kaimati.
"Kumbukumbu umeiwekaje?"
"Kumbukumbu ipi?"
Nikamsikia akimeza.
"Vijiti viwili vya rami, dada.
Au ulidhani ni pambo?"

Sikuwa nimevitazama.
Mara arubaini wiki ile nimeingia bayosi,
ukurasa wa kwanza, wa pili, wa nne;
wa tatu nikiupita
kama mlango wa jirani tulionuniana.

Kumbe uzi niliouvuta
ncha yake ya pili imefungwa kwenye vijiti.
Kila hatua niliyoongeza huku
navyo vikaburutwa kule,
elfu tatu na mia mbili, mia nne, mia sita,
kwa volti ileile ya siku vilipotoka kiwandani,
kwa pumziko lilelile fupi baina ya pigo na pigo,
vimebeba asumini zangu zote
na hakuna aliyeviuliza: mwaweza?

Havikuvunjika. Hilo ndilo lililonichoma.
Vilikosea kidogo tu,
tarakimu moja kati ya mabilioni,
sifuri iliyoingia ikatoka moja,
na mashine, kwa uaminifu wake,
ikajenga juu ya kosa lile
mpaka mji ukaporomoka.

Nikavishusha. Elfu tatu, basi.
Nikaongeza volti chembe, nukta sifuri tano.
Prosesa sikuigusa.
Nikaacha jaribio lizunguke,
nikaketi ukingoni mwa kitanda
kama anayekesha na mgonjwa.
Mzunguko wa kwanza: makosa sifuri.
Wa pili: sifuri.
Wa tatu nikaigeuza feni,
ikanipepea mimi.

Saa mbili asubuhi Bi Rukiya akapiga.
Methali ameziacha zote mbili.
Andika, akasema, herufi kubwa:
NABEBA KIMYA SI KWAMBA SICHOKI.
Nikamuuliza kama ni ya wifi bado.
Akasema, wewe chora.